Sista Jiwe na Mlango wa Chumba cha Mazoezi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Sista Jiwe anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Aliripoti akiwa muuguzi wa zamu, anaondoka akiwa mkuu wa ushauri nasaha. Katikati hapo amewapokea na kuwaaga waganga wakuu watano, kila mmoja akiapa kukarabati paa.

Wageni hudhani jina lake limetokana na ukali. Ukali anao, hatubishi. Waulizeni madereva wa ambulensi. Lakini jiwe lenyewe lipo. Ni kipande cha ukuta wa wodi ya zamani, iliyobomoka siku ya tetemeko la ardhi. Sista alikuwa ndani na wagonjwa wake. Mlango ulikwama, wakatolewa kesho yake kupitia dirishani. Wiki iliyofuata alirudi kazini, akasema hana neno, kisha akaanza kutegesha milango ya hospitali nzima isifungike. Tulidhani anapenda hewa.

Ndipo akaanzisha kikao cha manusura, kila Jumatano, katika chumba cha mazoezi ya viungo. Mwanzoni aliwataka wasimulie yaliyowapata. Kikao cha pili alibaki na viti. Akabadili mtindo: chai kwanza, na sheria moja tu. Mlango utakuwa wazi kwa kadiri anayotaka mwenye hofu kuliko wote, jiwe litauzuia, na hakuna kuulizana sababu.

Watu wakarudi. Waliteta bei ya mabati, wakataniana nani ameruka zaidi lori zito lilipopita nje, na kilio kilipokuja kilikuta leso tayari. Muuza samaki aliyelala uani mwaka mzima alitangaza kwamba hatimaye amelala ndani, na kwamba mumewe anakoroma vilevile. Angejua, angebaki uani.

Miaka ikapita, mlango ukabaki wazi kabisa. Sote tulijua ni kwa ajili ya seremala, bwana mkimya aliyekaa karibu na kizingiti. Mvua iliingia, mbu wakaingia, tukavumilia. Mwezi uliopita, tukipanga sherehe hii, tulimuuliza kama ataweza kukaa kwenye ukumbi uliofungwa. Alishangaa. Yeye hujifungia na kulala fofofo tangu siku nyingi. Alikuwa haligusi jiwe kwa sababu alijua anayeogopa ni Sista.

Sista alipoambiwa hakukana. Alisema sheria ni yake, na haikuandikwa kwamba mwenye chai haogopi.

Juzi, katika kikao chake cha mwisho, alilisogeza jiwe kwa mguu, akafunga mlango, akaketi. Jasho lilimtoka. Seremala akamwambia, "Dada, fungua tu, hapa hatushindani." Akajibu kwamba chai yake bado. Akamaliza kikombe, akainuka, akashika kitasa. Mlango ukafunguka.

Sista, asante kwa Jumatano zote. Uende ukapumzike, na milango ya nyumbani kwako ikae utakavyo. Jiwe tunabaki nalo. Bado wapo wanaolihitaji.