Kumuaga Nakhumicha, Mkulima wa Saboti Aliyenisikiliza

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Chifu, Mchungaji na mama mchungaji, akina mama wa chama, ndugu zetu mliotoka Bungoma na gari la kubeba vyombo, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kama hamjaona viti: kila mtu apokee salamu kwa cheo chake.

Mnanijua. Mimi ndiye Makokha, khocha wa Nakhumicha, ndugu wa mama yake mzazi. Shule niliachia darasa la saba, si kwa ujinga, ni vile walimu walikuwa wameishiwa na cha kunifundisha. Bei ya mahindi naijua kwa kutafuna punje moja tu. Kuna mwaka malori kumi na manne yalipanga laini Kachibora, madereva wakingoja nitafune ndio waanze kununua. Mkibisha, madereva wengine bado wako hai.

Leo, wapendwa, hata hizo hadithi naziweka kando.

Tunamuaga mwanamke ambaye, tangu mumewe Wabwile atuache, amelima ekari sita hapa Saboti na kusomesha watoto watatu bila kusumbua mtu. Nani hapa hajawahi kuomba mbegu kwake? Chifu, si hata wewe? Unacheka, lakini mbegu hujarudisha. Leo analala Bungoma, akapike kwa jikoni ya shule ya wenyewe, na shamba amelikodisha miaka mitano ili alipe mkopo wa mbolea.

Mtasema ni uchumi. Ni kweli, mbolea imepanda, dizeli imepanda. Mwananchi wa mjini analia unga uko juu, mkulima analia mahindi iko chini. Sasa hiyo pesa ya katikati inalala kwa nani? Mheshimiwa, swali hilo nakuachia uende nalo.

Lakini kuna la kwangu.

Mwezi wa kwanza, Ngige, yule mnunuzi wa Kiminini, alifika na lori mpaka mlangoni. Magunia mia moja na kumi yalikuwa stoo, na alikuwa anatoa elfu nne kwa kila gunia. Nakhumicha alishafungua kufuli. Mimi nikatafuna punje, nikasema, "Funga! Mwezi wa tano itafika elfu sita."

Akaniuliza pole pole, "Khocha, na ikianguka?"

"Mahindi imewahi kuanguka mimi nikiwa hai?"

Ngige akasema, "Mzee, bana, lori yangu iko na mafuta ya leo tu. Sirudi."

Nikamwambia, "Enda! Utarudi ukitambaa."

Sasa nyinyi mnajua kwetu neno la khocha halikataliwi. Mtu anaogopa laana. Akafunga stoo.

Mwezi wa nne redio ikatangaza ushuru umeondolewa, mahindi ya nje iingie. Sikatai, watu wa mjini pia wanakula. Lakini bei ilishuka mpaka elfu mbili na mia sita, na mvua ikaingia kabla hatujakubali kwamba imeshuka. Tulipofungua, zaidi ya nusu ilikuwa na ukungu, haifai mtu wala ng'ombe. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akazika gunia baada ya gunia. Nilingoja anitukane. Aliosha mikono, akaniuliza, "Khocha, umekula?" Akanipikia ugali. Unga ulikuwa wa pakiti, wa dukani. Mkulima wa Saboti, stoo yake pale, ananunua unga dukani ili mimi nile! Na nilikula, ndugu zangu. Nilimaliza.

Asubuhi ya leo aliniomba nisiseme haya, ati nitajiaibisha. Wacha niaibike.

Nakhumicha, mwanangu, simama watu wakuone. Ukikutana na watu huko Bungoma wakikuuliza kilichokutoa Saboti, usiseme ni uvivu, wala usiseme ulikosa akili. Sema ulimheshimu mjomba. Na mbele ya Chifu na Mchungaji, mimi khocha wako natamka: kuanzia leo, nikikwambia jambo na moyo wako ukikataa, kataa. Hakuna laana itakayokufuata kutoka kinywani mwangu. Hata ukitaka kuanza sasa, ukatae kunisamehe, una ruhusa.

Ninyi nyote mlioketi na kuvumilia maneno ya mtu mzima mpaka yakaisha, nawashukuru. Sasa inukeni tumsaidie kupakia vyombo.