Hamud Hasara Aulizwa Faida Yake

Benchi la Bi Shamsa muuza kahawa limefungwa mnyororo kwenye nguzo ya umeme, Mtaa wa Narung'ombe, maana Kariakoo hii hata benchi lina miguu ya kutembea. Hapo ndipo wanapokutana baada ya alasiri. Yupo Ignasi, Mmakua wa Masasi, aliyelinda geti la ubalozi mmoja kule Upanga mpaka akastaafu, wakambandika jina la Balozi. Yupo Bryson fundi simu, anayeitwa Injinia na wale ambao hawajampa simu zao. Na yupo Hamud, muuza maturubai, anayeitwa Hasara kwa sababu tangu afungue duka hajapata kumuuzia mtu kitu kwa faida. Muulize. Atakuapia kwa kaburi la babake kwamba bei hiyo ndiyo aliyonunulia, na nauli katoa yeye. Huku ana nyumba mbili Magomeni. Siku hiyo alifika kanzu kaigeuza, mshono nje, akakaa kitako juu ya sahani ya kashata asihisi kitu.

— Hasara, umekalia kashata zangu, alisema Bi Shamsa.

— Nitazilipa. Nitie kahawa chungu. Serikali imenipigia simu.

Balozi aliteremsha kikombe taratibu.

— Serikali ipi?

— Ya jeshi. Si niliomba ile tenda ya mahema? Mama mmoja wa ofisi ya manunuzi, huko Posta, ana sauti laini kama nesi anayetafuta mshipa. Ananiambia, "Mzee Hamud, bei yako tumeiona. Ila kwenye faida umeandika sifuri. Kesho asubuhi njoo utueleze."

— Ueleze nini tena, alisema Injinia, si umewapunguzia?

— Ndivyo nilivyomwambia. Nikamwapia kabisa. Mama yangu, nikamwambia, ninyi nawapa bei ya kununulia, kwa vile ni ninyi.

— Umeiapia serikali?

— Mazoea, bwana. Ulimi ulitoka wenyewe. Hapo akaniambia neno ambalo sijalisikia tangu nizaliwe. "Mzee, sisi hatumtaki mtu asiyepata faida."

Bi Shamsa alikuwa anamimina. Kahawa ilijaa kikombe, ikafurika, ikamwunguza kidole, na yeye bado anamimina.

— Rudia, alisema Balozi.

— Hawamtaki. Eti asiyepata faida atawakimbia kazi ikiwa katikati, au atawapunja kitambaa, askari walowe mvua. Wanataka niitaje faida yangu, halafu wao waipime kama nastahili.

— Waipime na nini? Ratili?

— Na jasho. Mtaji wangu nimetia kiasi gani. Bei ya turubai ikipanda ghafla, anayeumia nani, mimi au wao. Kazi naifanya mwenyewe au namrushia mwingine. Kama naagiza nje, mimi kazi yangu kubandika nembo, basi nitapewa faida ya kubandika.

Injinia alishika kichwa kwa mikono miwili.

— Hapo Kariakoo nzima imefilisika.

— Na mimi wa kwanza, alisema Hamud. Turubai lenyewe nimeshaagiza, liko bandarini, rangi ya jeshi. Nikikosa tenda nitamuuzia nani? Raia gani atafunika nalo genge lake, wanajeshi wamrushe kichurachura?

Hilo wote waliliona. Balozi akasogea.

— Sikiliza mwanajeshi wa zamani.

— Ulikuwa mlinzi wa geti.

— Geti ni mpaka. Huo ni mtego, Hasara. Ukitaja faida leo, kesho watu wa kodi wamekaa barazani kwako wanasubiri chai. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kwa hiyo wewe ficha.

— Methali hiyo inaelekea upande wa pili, alisema Bi Shamsa.

— Methali ni kama turubai, mama. Unafunikia unapovujiwa.

— Hamna cha kodi, alidakia Injinia. Si amesema wanapima nani anabeba hatari? Basi hatari ikizidi, faida inazidi. Mahema ya wakati wa amani ni ya kupikia pilau. Waambie umesikia vita vinakuja.

— Vita na nani?

— Hiyo si kazi yako, ndiyo kazi yao. Au waambie hema lako linazuia rada.

— Mvua yenyewe linazuia kwa shida.

Bi Shamsa alifuta kidole kwenye kanga.

— Mie nimesikia kuna mashine. Unaweka kiganja, unataja faida, ukidanganya inawaka taa nyekundu. Tajiri mmoja wa Mtaa wa Congo alikwenda kafunga bandeji mkono mzima.

— Nani huyo?

— Simtaji. Anakunywa hapa.

Hamud alikitazama kiganja chake, akakirudisha ndani ya mkono wa kanzu. Injinia akamwinamia, akashusha sauti.

— Lakini wewe, faida yako umeiweka wapi? Sifuri hiyo hata mimi siiamini.

Hamud akatazama kushoto, akatazama kulia. Jambo hilo hata mkewe Zeina hakumwambia.

— Kwenye ushonaji. Nimeandika fundi namlipa elfu arobaini kwa hema.

— Na unampa?

— Kumi. Na chai.

Balozi alisimama, akampigia saluti.

— Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana ukaazima cha fundi. Kesho nenda umetulia, faida imelala kwenye uzi, nani wa kuiamsha?

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Hamud akaisikia kahawa ina ladha. Alikuwa anaomba kikombe cha pili alipomwona Selina akikatiza barabara kati ya mikokoteni. Selina ndiye fundi wake, anayemshonea huko ghorofani juu ya duka. Futi ya kupimia shingoni, simu ameikumbatia kifuani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Mbona umeacha cherehani?

— Kuna mama kanipigia, mzee, wa mambo ya jeshi. Anasema umeniandika kwenye tenda, fundi mkuu. Ahsante sana kwa heshima hiyo, mie sikujua.

— Eeh.

— Anauliza hema moja unanilipa ngapi. Nikaona nisikurupuke, labda umeshanipandishia hujapata nafasi ya kuniambia. Nimemwambia asubiri nimuulize tajiri. Yuko hewani.

Akaitoa simu kifuani, akaishika katikati yao.

— Nimwambie ngapi, mzee?

Injinia aligundua kamba ya kiatu chake imelegea. Balozi alianza, "Wahenga walisema," akaishia hapo hapo. Bi Shamsa aliinua dele la kahawa, akalishusha. Hamud akafungua mdomo, yeye ambaye mtaa mzima haujapata kumuuliza bei akakosa ya kutaja, na mdomo ukabaki wazi. Selina alikuwa anamtazama, anatabasamu, anangoja.

— Halo, simu ikasema. Msiwe na haraka. Nawasikia vizuri.