Nakala za Tovuti ya Majeneza

Ndani ya treni, mstaafu alikuwa na gazeti mkononi, lakini mazungumzo ya kiti cha mbele yalikuwa matamu zaidi.

"Nilikuomba unisasishie mfumo wa tovuti yangu ya majeneza," seremala alimwambia fundi wake wa tovuti. "Sasa nikifungua naona bibi harusi anakata keki, na chini yake: Karibu tena."

"Hiyo ni sura ya mfano, mzee wangu, inakuja na mfumo mpya. Mafaili yako niliyatolea nakala kwanza."

"Ukaziweka wapi?"

"Ndani ya folda ya tovuti. Kisha nikaifuta folda ili niweke mpya."

Mstaafu aligeuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

"Picha za kazi ya miaka kumi na tisa, kijana. Majeneza mengi yameshazikwa. Nikayafukue nipige picha upya?"

"Lakini wageni wameongezeka, mzee."

"Mmoja amenipigia. Anataka keki ya ngazi tatu, yenye maua ya sukari."

"Ukamjibu nini?"

"Kwa mazoea, nikamuuliza urefu wa marehemu. Akakata simu."

Treni ilisimama, na mstaafu akagundua kwamba kituo chake kilishapita zamani.