Ndege Kumi na Mbili za Mzee Brashi

Waliokuwepo alasiri ile katika kijiwe cha mbele ya duka la kutengeneza simu ni hawa. Profesa, ambaye hajapata kufundisha chuo chochote. Alikuwa karani wa maktaba, na jina hilo aliletewa na miwani. Dereva, ambaye alikuwa dereva kweli, wa malori ya saruji, mpaka mgongo ulipomgomea. Fundi Simu, mwenye duka, aliyekigeuza kioo cha kompyuta yake kubwa kikatazama nje ili wazee waone bila kuja kumbana ndani. Mama Kahawa, na birika lake juu ya jiko la mkaa. Na pembeni kabisa mwa benchi, Mzee Brashi, mchora vibao vya maduka, ambaye kwa kawaida hunywa kikombe chake, huitikia kwa kichwa, huaga kwa kichwa, na akiondoka hakuna anayekumbuka kama alisema neno.

Siku hiyo alisema.

Kilichokuwa kwenye kioo ni mchezo mpya wa kurusha ndege za kivita. Waliouunda ni watu wa mbali, na wameuunda juu ya vita vile vya mpakani ambavyo kila mtu pale kijiweni anavikumbuka, isipokuwa Fundi Simu, aliyekuwa bado hajazaliwa.

— Tazameni mawingu hayo, alisema Profesa. Tazameni tone la mvua linavyoteleza kwenye kioo cha rubani. Jamani, hata misumari ya bawa wameihesabu!

— Mawingu ni mawingu tu, akajibu Dereva. Mimi nasikiliza injini. Hiyo ni injini ya lori langu la pili, haki ya Mungu. Walikuja wakairekodi nimelala.

— Watoke huko kote waje kurekodi lori lako lenye kikohozi?

— Ulikuwepo? Hukuwepo. Basi tulia.

Fundi Simu akabonyeza kitufe. Mawingu yakaondoka, ukaja uwanja wa ndege wenye nyasi zilizolazwa na upepo, na ndege zimejipanga, kijani na kahawia, kila moja na namba yake nyeupe ubavuni. Profesa akazihesabu kwa kidole mpaka kumi na mbili.

— Kumi na mbili! Jeshi letu zima la anga hilo hapo, alisema, kwa fahari ya mtu aliyechangia kuzinunua.

— Zilikuwa tatu, alisema Mzee Brashi.

Mama Kahawa aliliacha birika likining'inia hewani. Dereva akageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

— Umesemaje, mzee wangu?

— Ndege zilikuwa tatu. Namba zilikuwa kumi na mbili. Nilizichora mimi.

Alilisema hilo akiangalia kikombe chake. Miaka yote alikuwa amelifungia kifuani, kwa sababu aliapishwa yeye na wenzake, na ofisa aliyewaapisha alikufa bila kuja kuwafungulia. Mkewe aliingia kaburini akijua kwamba vitani mumewe alichora vibao vya kuelekeza watu chooni. Wanawe mpaka leo wakitaka kumtania humwuliza kama adui alikimbia alipoona kibao cha choo. Yeye hucheka nao. Lakini leo alikuwa ameona kazi ya mkono wake ikionyeshwa kwenye kioo cha duka, na ulimi ukamponyoka.

— Hebu tueleze vizuri, alisema Fundi Simu.

— Wapelelezi wa adui walikuwa wanahesabu. Ndege zikishatua, tunaziingiza bandani, tunashusha maturubai, nafuta mbili naandika sita. Kesho yake nafuta sita naandika tisa. Watu wa magazeti wanaletwa, wanapiga picha, wanaondoka. Hao waliounda mchezo wametazama picha za magazeti.

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hiyo ndiyo dalili yake ya kutaka kumaliza mjadala.

— Mzee Brashi, kwa heshima zote. Mtu aliyechora kila msumari, akachora hadi rangi iliyobabuka mlangoni, huyo huyo ashindwe kuhesabu ndege? Kitu kikionekana halisi kiasi hiki, ujue kimefanyiwa utafiti.

— Rangi hiyo iliyobabuka ni yangu. Ilikuwa rangi mbaya.

— Haya, sasa na rangi ni yake! Dereva akapiga paja. Kesho atatuambia na mvua ni yake.

Kicheko kikawa kikubwa. Mzee Brashi akasubiri kipite, kama mtu anayesubiri gari lipite avuke.

— Mwanangu, sogeza namba mbili karibu, akamwambia Fundi Simu. Chini ya mlango. Unaona palipobonyea?

— Naona. Kama mtu amekandamiza dole gumba kwenye unga.

— Sasa nenda namba sita. Nenda tisa. Nenda kumi na moja.

Fundi Simu akaenda. Namba sita ilikuwa na dole gumba chini ya mlango. Tisa ilikuwa nalo. Kumi na moja ilikuwa nalo, mahali pale pale, upana ule ule.

Mzee Brashi akawatazama mmoja mmoja, kama kijana aliyeleta posa. Halafu Profesa akatikisa kichwa.

— Hiyo ni hila ya waundaji. Wanachora ndege moja, wanainakili mara nne. Kupunguza kazi tu.

— Hasa, alisema Dereva. Au ni siri ya kijeshi. Rubani akishapigiwa mlango kwa ngumi mara tatu pale pale, anajua ni mwenzake. Ndege zote ziligongwa pale. Nilisikia vitani.

— Ulisikia wapi? Vita vyote ulikuwa unabeba saruji.

— Saruji ya nani? Ya jeshi!

Mama Kahawa alikuwa amekisogelea kioo, akakunja uso.

— Lakini mwandiko wa hiyo tisa naujua. Mkia umejikunja kama wa paka aliyeshiba. Si ndiyo hiyo iliyoko kwenye namba ya simu ya kibao cha mchinjaji, pale ng'ambo ya barabara?

Wote wakageuka kutazama kibao cha mchinjaji. Mkia ulikuwa umejikunja vilevile.

— Basi ndiyo yale yale niliyowaambia, alisema Dereva, na sasa sauti ilikuwa ya mtu aliyeogopa kidogo. Wanakuja. Walirekodi lori, wakapiga picha na bucha. Mchinjaji mwenyewe hana habari!

Wote wakacheka isipokuwa Fundi Simu. Alikuwa anasoma kitu pembeni mwa kioo.

— Wazee, kuna jambo. Wenye mchezo wanatoa toleo jipya wiki hii. Wachezaji wamelalamika kwamba ndege zinafanana mno, si halisi. Kwa hiyo kila ndege itapewa alama zake. Huko kubonyea kunaondolewa.

— Kunaondolewa? aliuliza Mzee Brashi.

— Kunafutwa kabisa. Zitabaki kumi na mbili safi, kila moja na sura yake.

Mzee Brashi aliweka kikombe chini. Uongo wake ulikuwa umefanya kazi nzuri kuliko alivyoagizwa: ulimshinda adui, na sasa ulikuwa unaishinda kweli yenyewe. Ushahidi pekee uliobaki duniani ulikuwa kile kishimo chini ya mlango, na walikuwa wanakwenda kukinyoosha kwa sababu hakionekani halisi.

— Waandikie waache, alisema. Waambie aliyechora yupo.

— Naweza, mzee, wanapokea masahihisho. Ila ya vita wanataka shahidi wa pili aliyekuwepo. Mmoja wanasema ni hadithi.

— Na wana haki, alisema Profesa.

Mama Kahawa akamgeukia, mkono kiunoni.

— Nyie wanaume mna maneno! Tangu mchana mnabishana na kompyuta. Hizo ndege zilijirusha zenyewe? Si zilikuwa na marubani? Hakuna hata mmoja wa kuulizwa?

Mzee Brashi akatoa simu yake ndogo, akaitafuta namba polepole.

— Yupo Kapteni, alisema. Hiyo yenye kishimo alikuwa anairusha yeye, ilipokuwa mbili, ilipokuwa sita, mpaka kumi na moja. Namba yake ninayo. Hatujapata kupigiana. Ilikuwa ndiyo namna yetu ya kutunza kiapo.

— Weka sauti ya juu tusikie wote, alisema Fundi Simu.

Simu iliita sana. Profesa alijifanya anatazama barabarani. Mwishowe ikapokelewa; Mzee Brashi akasema haloo, na sauti ya mwanamke ikamjibu.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Hapo ni kwa Kapteni?

— Ndipo. Mimi ni bintiye. Nani mwenzangu?

— Nilikuwa naye vitani, kambi ya ndege. Nilikuwa mchoraji.

— Wa vitani! Sauti ikachangamka. Mungu amekuleta, baba. Hapa nyumbani hakuna anayejua lolote, hakupenda kuyazungumza. Nisaidie jambo moja tu. Ndege yake ilikuwa namba ngapi? Fundi wa kuchonga jiwe yuko hapa uani, anasubiri nimtajie.

Mzee Brashi alifungua mdomo. Benchi zima likamwinamia. Kwenye kioo ndege kumi na mbili zilikuwa zimetulia juani, kila moja na namba yake nyeupe.

— Haikuwa na namba moja, mwanangu. Ni maneno marefu. Mpe simu Kapteni, mwambie mchoraji anasema sasa tuzungumze. Atakueleza mwenyewe.

— Baba alifariki Jumapili.