Mji Ambao Doreen Hakutaka Uanguke

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Doreen Hietala. Alikuwa dereva wa basi la shule hapa Thunder Bay, Kanada, kwa miaka thelathini na mmoja. Doreen alitutoka Jumanne, akiwa na miaka sitini na minne.

Wengi mnamjua kwa basi lake. Mdogo wake, Arvo wa kule Sudbury, anamjua kwa vita. Kila Jumapili, wakishatoka kanisani, ndugu hawa wawili walipigiana simu, wakawasha kompyuta, wakacheza mchezo wa vita. Walikuwa upande mmoja. Adui, aliyeendeshwa na kompyuta yenyewe, alibakiwa na mji mmoja tu, na mji huo Doreen aliuzingira miaka mitano. Miaka mitano, wasikilizaji wapendwa!

Aliuzingira, hakuuingia. Wapiga mishale wake walishambulia, wakaongeza alama za uzoefu zinazowapa nguvu, wakapumzika. Adui akaziba kuta, wakaanza upya. Aliye hodari kuliko wote alimwita Lempi, jina la marehemu mama yao.

"Dada, utauteka lini? Humo ndani watu wameshapata wajukuu!"

"Tulia, kiherehere wewe! Jeshi langu bado bichi. Enhe, goti lako linaendeleaje?"

Basi, saa mbili zikaisha kwa goti, theluji na mapishi ya mama.

Februari mwaka huu uvumilivu ukamshinda Arvo. Akaingiza wapanda farasi wake, mji ukaanguka, mchezo ukaisha. Doreen akasema: "Haya, hongera, mdogo wangu."

Walikubaliana kuanza mwingine. Jumapili ya kwanza Arvo alikuwa na wageni. Ya pili, gari likamsumbua. Jumapili saba zikapita hivyo hivyo. Ya nane Doreen hakuifikia. Moyo wake ulisimama Jumanne.

Juzi Arvo alifungua kompyuta ya dada yake, akamtazama Lempi. Alama zake za uzoefu zilikuwa zimefika kikomo. Kumbukumbu za mchezo zilionyesha kuwa zilifika hapo tangu mwaka wa kwanza wa mzingiro. Miaka minne iliyobaki, mishale ile haikumwongezea chochote.

"Alitaka tuongee tu," Arvo alituambia, akilia. "Mimi nikakimbilia kushinda."

Pole sana, Arvo. Poleni ukoo wote wa Hietala, nanyi watoto wa basi namba kumi na nne. Inauma, na hatuna la kuwafariji zaidi ya kulia nanyi.

Nawe unayetusikiliza, fikiria ni nani hujampigia kwa sababu hamna tena cha kuwakutanisha. Mpigie leo. Muulize habari za goti.