Misumeno Ambayo Kagwiria Hakuitilia Saini

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Kagwiria Miriti anastaafu baada ya kuhudumu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika kiwanda chetu cha misumeno ya meza hapa Nyeri. Kundi la ustawi la wafanyakazi limeniomba niandike habari zake, kwa kuwa nimekaa naye idara ya ukaguzi miaka kumi na mmoja.

Alifika Julai 1992 kutoka Nkubu akiwa na cheti cha umakanika, akapewa kazi ya kupika chai ya ofisi. Miezi mitatu baadaye mkaguzi wa wakati huo aliugua, ikabainika kwamba mpika chai ndiye pekee aliyejua kupima mashine. Tangu siku hiyo hakuna msumeno uliotoka langoni kabla yeye hajauwasha, akapasua ubao na kutia saini kwenye kadi yake.

Alikuwa mkali. Askofu aliyekuja kubariki karakana mpya aliambiwa avue mnyororo wa msalaba kabla ya kusogelea mashine. Aliuvua, akautia mfukoni mpaka mwisho wa ibada.

Wageni hawakujua kwamba Mama Kagwiria alikuwa mwoga. Kila alipobonyeza swichi, viganja vyake vilitoka jasho baridi. Vijana walipomcheka, aliwaambia kwamba mkono hauna akili ya kuogopa, kwa hivyo mwenye mkono lazima auogopee.

Machi 2016 simu ilikuja kutoka Karatina. Moffat Ngugi, fundi seremala aliyenunua msumeno wetu, alikuwa amekatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mama Kagwiria alikwenda kumwona hospitalini, nami nikamsindikiza. Alitaka kujua mashine ilikuwa na kasoro gani.

"Haikuwa na shida, Mama," Moffat alimwambia. "Mbao iliruka, mkono ikafuata. Ilinikata tu vile inakatanga mbao."

Baadaye aliniambia kwamba angefarijika kusikia kuna nati iliyolegea, maana kasoro hurekebishwa. Lakini mashine ilikuwa imefanya kazi sawasawa, kama saini yake ilivyothibitisha, na nyingine kama hiyo zilikuwa zimetapakaa eneo lote la Mlima Kenya.

Mwaka uliofuata alisoma kuhusu breki inayotambua ngozi ya binadamu na kusimamisha bledi ya msumeno kabla haijafika mfupani. Aliandika barua hadi muuzaji wa breki hiyo akaletwa kutuonyesha. Paja la kuku lilisukumwa kwenye bledi inayozunguka. Ulisikika mlio mmoja, kama wa bati lililoangukiwa na jiwe, bledi ikasimama. Paja lilikuwa na mchubuko tu. Hakuna aliyepiga makofi. Sote tulikuwa tukitazama vidole vyetu.

Mkurugenzi wetu, Bwana Kingori, aliuliza swali moja. "Tukiweka hii kwa mashine mpya, wale walinunua za zamani tutawaambia nini?"

Muuzaji akafunga sanduku lake. Sababu nyingine zilifuata: bei ingepanda, mafundi wanaonunua wangekimbilia viwanda vingine, na viwanda hivyo navyo vilikuwa vikingoja kingine kianze. Mama Kagwiria alimwandikia mkurugenzi barua saba kwa miaka mitano. Katika miaka hiyo simu mbili zaidi za ajali zilikuja, moja kutoka Othaya, moja kutoka Chuka. Kila simu ya ofisi ilipolia, nilimwona akishika ukingo wa meza.

Juni 2022 aliweka kalamu chini. Kwa siku kumi na moja hakutia saini kadi hata moja, na misumeno arobaini ikalala uani chini ya maturubai. Tuliogopa kiwanda kitafungwa. Tukaanza kumkwepa wakati wa chai, mimi pia, na ninaandika hili kwa aibu.

Siku ya kumi na mbili Bwana Kingori alimwita. Mimi nilibeba faili.

"Kagwiria, unajua naweza kukufuta kazi leo?"

"Najua, Bwana Mkurugenzi. Niko na woga ya hiyo siku hizi zote, hata kulala silali." Mikono yake ilikuwa mifukoni mwa koti. "Lakini wewe haujawahi enda kuangalia mtu hospitali. Mimi nimeenda mara tatu."

Bwana Kingori aliivuta faili niliyobeba, akaifungua. Kisha akakubali kwamba misumeno ya vyuo vya ufundi iwekwe breki hiyo. Mingine ingebaki ilivyo. Mama Kagwiria alirudi mezani, lakini kwenye kila kadi ya msumeno usio na breki aliandika kwa mkono wake: Msumeno huu haujui mkono wako. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Februari 2024 mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi huko Tetu alipiga simu. Mwanafunzi wake, Wacera, alikuwa ameteleza, mkono ukagusa bledi. Mama Kagwiria aliketi chini kabla ya kusikia mengine. Wacera alikuwa amefungwa plasta kidole kimoja, na tayari alikuwa darasani. Sisi tulishangilia. Yeye alifuta macho, akauliza, "Na hizo zingine?"

Swali hilo halijajibiwa. Misumeno mitatu kati ya kila minne inayotoka hapa bado haina breki hiyo. Kuanzia Jumatatu kadi zitaletwa kwangu, na ninaogopa. Nilipomweleza hivyo juzi, alisema ni vizuri, na kwamba siku nitakapoacha kuogopa niombe kuhamishwa.

Asante, Mama, kwa kutuogopea miaka yote hii. Nenda ukapumzike nyumbani kwako mtaani Skuta. Tunakuombea siku njema, afya na usingizi wa kutosha.

Sophie Wamucii
Idara ya Ukaguzi