Kalamu ya Dakika Arobaini

WACERA: Haloo? Hii ni simu ya Mama Rotich, lakini ametoka kulisha kuku. Nani anaongea?

NYAMBU: Ni mimi, Wacera! Dada yako Nyambu. Mbona unanong'ona?

WACERA: Sinong'oni. Ndivyo ninavyoongea.

NYAMBU: Haya. Kitale mko salama? Mama je?

WACERA: Salama. Mvua tu hapa Tuwan, matope mpaka chini ya kitanda. Na Bungoma?

NYAMBU: Jua kali. Sikia, kredo ya simu ni kidogo. Niko dukani kwa Mzee Wepukhulu, yule wa vitabu. Kalamu za wino zimebaki mbili tu. Saa saba anafunga aende Chwele sokoni, na harudi mpaka Jumatatu. Kwa hivyo chagua.

WACERA: Jumatatu? Lakini mtihani ni... kadi zinatakikana Jumapili! Kadi thelathini na nane za kuwatakia heri watoto wa darasa la nane kanisani. Akina mama wananitegemea. Na Kitale nzima nimepata biro tu.

NYAMBU: Ndiyo nasema chagua. Kuna nyekundu, ncha yake kama sindano. Kuna nyeusi, ncha nene kidogo, haina maringo.

WACERA: Andika na kila moja, uweke simu karibu na karatasi. Nisikie.

NYAMBU: Usikie kalamu? Wacera, watu wananiangalia.

WACERA: Si wanakuangalia wewe? Mimi hawanioni. Na usikandamize! Ile yangu ya zamani Rotich aliiomba, akaandika jina la baba yake kwenye gunia la mahindi. Ncha ikapanuka miguu.

NYAMBU: [anacheka] Kwenye gunia! Haya, nyekundu hii hapa.

[Kwaru, kwaru, kwaru.]

WACERA: Inakwaruza kama kuku kwenye jivu. Itapasua karatasi yangu ya manila. Leta nyingine.

NYAMBU: Nyeusi.

[Kimya.]

WACERA: Andika basi!

NYAMBU: Si naandika! Nimemaliza mstari mzima.

WACERA: Sijasikia kitu.

NYAMBU: Ni mbaya?

WACERA: Ni nzuri, dada. Ni nzuri sana. Sasa chora kuku.

NYAMBU: Ati nini?

WACERA: Kuku. Na manyoya yake. Uniambie kama laini ni nyembamba.

NYAMBU: [baada ya muda] Nimechora. Mzee Wepukhulu anauliza kama ni birika.

WACERA: [anacheka] Na laini?

NYAMBU: Ni nene. Chukua tu nyekundu, bana. Kazi yako ni kuchora. Kuandika ni jina la mtoto peke yake.

WACERA: Hapana. Lazima iandike pia. Iandike kurasa mbili bila kukauka.

NYAMBU: Kurasa mbi... Ngoja, ongea na mwenye duka.

WACERA: Usinipe mtu! Dada, usini—

WEPUKHULU: Haloo, binti yangu. Mulembe! ... Binti? Mtandao umepotea?

WACERA: ...Habari, mzee.

WEPUKHULU: Mzuri sana. Sema.

WACERA: Hiyo nyeusi... ukiigeuza, ncha ilale chali, haitoi laini nyembamba?

WEPUKHULU: Hee! Nani alikufundisha hiyo?

WACERA: Nilijaribu tu na ile ya zamani, kabla ya gunia.

WEPUKHULU: Ngoja nione... Yawa! Nyembamba kama unyoya kabisa! Miaka ishirini nauza kalamu, sijawahi kugeuza hata moja.

WACERA: Na ukiijaza wino, unaweza kuandika dakika arobaini bila kusimama?

WEPUKHULU: Hata saa nzima. Haya, dada yako huyu, anaitaka simu. Ananiangalia vibaya.

NYAMBU: Wacera.

WACERA: Eeh?

NYAMBU: Kadi gani inaandikwa kurasa mbili?

[Laini ya simu inakwaruza.]

NYAMBU: Mimi ni mwalimu. Kurasa mbili, dakika arobaini. Hiyo ni insha. Insha ya mtihani wa darasa la nane.

WACERA: Mtandao ni mbaya—

NYAMBU: Nakusikia kama uko hapa kaunta! Nani anaandika insha?

WACERA: ...Kuna darasa la gumbaru pale kanisani. La watu wazima. Kuna nyanya mmoja, Kogo Chesang, ni mjukuu wake anamshika mkono akija, na bado ananiita mwalimu, kwa sababu namchorea ramani.

NYAMBU: Tangu lini?

WACERA: Mwaka juzi. Nilijiandikisha mtihani mwezi wa pili. Ni wiki ijayo.

NYAMBU: Na hukuniambia! Mimi, dada yako!

WACERA: Nilitaka ujue nikishapita. Ningeanguka, basi, ningebaki kuchora kadi, na hakuna mtu angejua.

NYAMBU: Wacera, wewe uliachia darasa la sita ndio mimi niende—

WACERA: Usiseme hiyo. Kredo itaisha.

NYAMBU: Iishe!

[Mtu anapenga kamasi.]

WACERA: Dada, unalia dukani?

NYAMBU: Ni vumbi la chaki.

WACERA: Chaki gani, leo Jumamosi?

NYAMBU: Nyamaza. Mzee, ni hiyo nyeusi! Na chupa mbili za wino. Itapanda gari la saa saba na nusu, uende uipokee. Umesema kadi ni ngapi?

WACERA: Thelathini na nane.

NYAMBU: Na yako?

WACERA: Mimi? Mimi ndiye nachora. Mtu hujichorea kadi?

NYAMBU: Hajichorei. Basi ya thelathini na tisa nitaichora mimi.

WACERA: Wewe? Dada, tafadhali, nakuomba—

NYAMBU: Na kalamu hii hii, kabla haijafungwa. Mzee, nipe manila! Nitakuchorea ku—

[Simu inakatika.]

WACERA: Haloo? Dada? ... Imekatika, Mama Rotich. Hii simu yako, asante. ... Hapana, silii. Nacheka. Naletewa kadi ya mtihani. ... Eeh, yangu mimi. Iko na birika.